Utangazaji wa vikapu vya wanawake vyuoni Marekani: Nani anasema, na anasema nini

SAA nne usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Aprili 7, 2024, mpira ulirushwa hewani jijini Cleveland, Marekani, kuanzisha fainali ya mpira wa vikapu ya wanawake wa vyuo vikuu kati ya South Carolina na Iowa. South Carolina walitawazwa mabingwa kwa kushinda 87-75. Nchini humo pekee, mechi hiyo ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 18, idadi iliyopiku ile ya watu milioni 14.8 waliotazama fainali ya wanaume siku iliyofuata.

Miaka miwili kabla ya hapo, fainali kama hiyo ilikuwa imetazamwa na watu wasiotimia milioni tano. Kwa hivyo, wengi wa waliofungua runinga zao usiku huo walikuwa wageni katika mchezo huu. Hawakuwajua wachezaji, hawakuzijua sheria zake zinazotofautiana na za wanaume, wala hawakuijua historia yake. Waliyofundishwa yalitoka kwa watu watatu: Ryan Ruocco aliyetangaza mechi, Rebecca Lobo aliyeichambua na Holly Rowe aliyekuwa kando ya uwanja.

Ndiyo maana ubora wa utangazaji wa mchezo huu umekuwa suala la mjadala wa miaka mingi, miongoni mwa mashabiki na pia miongoni mwa wasomi wa vyuo vikuu. Mtangazaji anapokosea, mtazamaji mzoefu hukasirika tu, ilhali mgeni hulibeba kosa hilo akidhani ni ukweli.

Kazi tatu zisizofanana

Utangazaji wa vikapu runingani hugawanywa katika majukumu matatu. Mtangazaji mkuu hufuatilia mpira unavyokwenda na kutaja majina, alama na muda uliosalia. Kando yake huketi mchambuzi, aghalabu mchezaji au kocha wa zamani, ambaye wajibu wake ni kufafanua sababu za kile ambacho mtazamaji amekwisha kukiona. Wa tatu ni mwanahabari wa kando ya uwanja, anayeleta habari za majeruhi, kauli za makocha na yanayojiri kwenye benchi.

Jambo gumu zaidi kwa mtangazaji mkuu ni kujua wakati wa kunyamaza. Redioni, mtangazaji ndiye macho ya msikilizaji, na akinyamaza mchezo wenyewe hutoweka. Wakenya waliolelewa na sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela wanaufahamu vyema utamaduni huo wa kuijaza kila sekunde. Runingani mambo ni kinyume. Anayesimulia kwamba fulani anaudunda mpira na sasa anautoa pasi humrudishia mtazamaji kile alichokiona kwa macho yake.

Mwaka 2018, Arike Ogunbowale wa Notre Dame alifunga kikapu cha ushindi katika sekunde za mwisho za nusu-fainali dhidi ya Connecticut. Siku mbili baadaye alifanya vivyo hivyo katika fainali dhidi ya Mississippi State, saa ikiwa imebakiza sehemu moja ya kumi ya sekunde. Adam Amin ndiye aliyekuwa mtangazaji mkuu. Nyakati kama hizo zinahitaji jina la mfungaji, alama, kisha ukimya ili kelele za ukumbi zisikike. Mtangazaji asiyejiamini huingiza sauti yake kati ya mtazamaji na tukio lenyewe.

Mchambuzi naye hupimwa kwa swali moja: je, amemwonyesha mtazamaji jambo ambalo asingeliona peke yake? Fainali ya 2024 ni mfano mzuri. Caitlin Clark wa Iowa alifunga pointi 18 katika robo ya kwanza. Katika robo tatu zilizosalia alifunga 12 pekee. Mgeni angedhani alichoka au alipoteza shabaha. Mchambuzi anayeujua mchezo humwelekeza mtazamaji kwa Raven Johnson aliyepewa jukumu la kumkaba Clark hatua kwa hatua, na kwa wachezaji wa akiba wa South Carolina ambao walifunga pointi 37 huku wale wa Iowa wakikosa kufunga hata moja. Hapo ndipo mechi ilipoamuliwa, wala si kwa mitupo ya mbali iliyokuwa ikirudiwa kwenye skrini.

Ilivyoanza

Bunge la Marekani lilipitisha sheria ijulikanayo kama Title IX mwaka 1972, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Wakati huo michezo ya wanawake vyuoni ilisimamiwa na chama chao wenyewe, AIAW. Mnamo Januari 1975, Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki katika jimbo la Pennsylvania, kiliwapepeta Maryland 80-48 katika mechi ya kwanza ya wanawake wa vyuo kupeperushwa kitaifa kwenye runinga.

Shirikisho la NCAA, ambalo hadi wakati huo lilikuwa la wanaume, lilianzisha mashindano yake ya wanawake mwaka 1982, na AIAW ikasambaratika. Fainali ya kwanza ya NCAA, ambapo Louisiana Tech walilaza Cheyney State 76-62, ilionyeshwa na CBS. Kituo hicho kiliendelea na haki za matangazo hadi 1995, na katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho nusu-fainali zilichezwa Jumamosi na fainali Jumapili. Wachezaji hawakupata hata siku moja ya kupumzika, kwa sababu ratiba iliwekwa kuitosha runinga.

ESPN ilipotwaa mashindano hayo mwaka 1996, siku ya mapumziko ilirejeshwa. Muhimu zaidi kwa suala letu, kulizuka kundi la watangazaji ambao mchezo huu kwao ulikuwa taaluma badala ya adhabu ya wikendi. Mike Patrick alitangaza fainali hizo kwa miaka mingi. Miongoni mwa wachambuzi alikuwemo Ann Meyers, aliyewahi kuchezea UCLA na ambaye mwaka 1979 alitia saini mkataba na Indiana Pacers, timu ya wanaume ya NBA. Doris Burke, aliyechezea chuo cha Providence, alianzia katika mechi za wanawake wa chuo chake na akaishia kuwa, mwaka 2024, mwanamke wa kwanza kuchambua fainali za NBA runingani.

Safari ya Burke inafaa kutajwa kwa sababu nyingine. Kwa muda mrefu vikapu vya wanawake vilichukuliwa kuwa shule ya kuwafunza watangazaji kazi kabla hawajapewa mechi za wanaume. Waliokuwa hodari waliondoka. Waliobaki, ama walikuwa wameupenda mchezo kwa dhati, ama hawakuwa wamepata nafasi kwingine, na mtazamaji makini hakuhitaji dakika nyingi kutambua ni yupi ni yupi.

'Wasichana' na 'vipusa'

Uchunguzi uliowahi kunukuliwa sana kuhusu lugha ya utangazaji ulifanywa na wasomi Michael Messner, Margaret Carlisle Duncan na wenzao. Walichunguza matangazo ya mwaka 1989 ya nusu-fainali na fainali za vikapu vya vyuo, za wanaume na za wanawake, pamoja na tenisi ya US Open. Matokeo yalitolewa kwanza mwaka 1990 katika ripoti, kisha mwaka 1993 katika jarida la kitaaluma.

Waligundua kwamba mashindano ya wanaume yaliitwa tu mashindano ya taifa, ilhali ya wanawake yalitajwa kila mara kuwa 'ya wanawake', kana kwamba yale ya kwanza ndiyo kanuni na haya mengine ni nyongeza. Wanawake waliokomaa waliitwa wasichana, lakini hakuna mwanamume aliyeitwa mvulana. Wanawake walitajwa kwa majina yao ya kwanza mara nyingi kuliko wanaume, tofauti iliyojitokeza zaidi katika tenisi. Aidha, mwanamume alipokosea lawama iliangukia mbinu ya mpinzani, ilhali kosa la mwanamke lilihusishwa zaidi na woga au kukosa kujiamini.

Msomaji wa Kiswahili asiharakishe kuwacheka Wamarekani. Kurasa za michezo za lugha yetu zimezoea kuwaita wachezaji wa kike 'vipusa', hata pale habari inapohusu mabeki waliokatika miguu wakizuia penalti. Kipusa ni pembe ya faru, kitu cha thamani kubwa, na kwa sitiari ni msichana mrembo. Neno hilo ni tamu, limekaa vizuri kwenye kichwa cha habari, na linaokoa nafasi. Lakini linamweleza mchezaji kwa sura yake kabla ya kutaja alichofanya uwanjani, na hakuna mhariri ambaye angeandika kwamba 'watanashati' wa Gor Mahia wamelazwa 2-0.

Turejee Marekani. Lugha ya matangazo ilibadilika taratibu tangu miaka hiyo. Neno 'wasichana' limekuwa adimu vinywani mwa watangazaji wa kitaifa. Hata hivyo, watafiti Michela Musto, Cheryl Cooky na Messner walieleza mwaka 2017 tatizo jipya katika habari za michezo za runinga: wanawake hawadhihakiwi tena, bali huelezwa kwa sauti iliyopoa. Mtupo wa mwanamume hulipuka, hupasua, huangamiza. Wa mwanamke huwa 'mzuri'. Hakuna neno baya lililotamkwa, lakini mtazamaji amekwisha kupokea ujumbe kwamba hapa hakuna cha kusisimua.

Utafiti huo ulihusu vipindi vya habari, si utangazaji wa mechi zenyewe. Ila mtu aliyetazama mechi za raundi za mwanzo katika miaka ya 2000 anaijua sauti hiyo: ya mtu anayesoma orodha ya bidhaa.

Kisa cha Imus hakina budi kutajwa, ingawa mhusika hakuwa mtangazaji wa mechi. Aprili 2007, siku moja baada ya Tennessee kuilaza Rutgers 59-46 katika fainali, Don Imus aliwatolea wachezaji wa Rutgers matusi ya kibaguzi kuhusu nywele na rangi yao katika kipindi chake cha redio, ambacho pia kilionyeshwa runingani. Wachezaji hao na kocha wao, C. Vivian Stringer, waliitisha kikao na wanahabari na kujibu kwa utulivu. Kabla ya wiki mbili kuisha, Imus alikuwa amefutwa kazi. Wachezaji waliotoka kucheza fainali ya maisha yao walijikuta wakiulizwa kuhusu maneno ya mzee mmoja, badala ya mchezo wao.

Sheria ambazo si zile zile

Kosa linalowaudhi mashabiki kuliko yote ni la mtangazaji anayeletwa kutoka mechi za wanaume bila kujiandaa. Katika vikapu vya vyuo Marekani, wanaume hucheza vipindi viwili vya dakika 20. Wanawake, tangu msimu wa 2015-16, hucheza robo nne za dakika 10 kila moja.

Tofauti hiyo haiishii kwenye saa. Kwa wanawake, timu ikifanya faulo ya tano katika robo, mpinzani hupewa mitupo huru miwili, na hesabu huanza upya robo nyingine inapoanza. Kwa wanaume, mfumo uliodumu kwa miaka mingi ni kwamba faulo ya saba katika kipindi humpa mpinzani mtupo mmoja, na wa pili akifaulu wa kwanza. Miwili kamili huja kuanzia faulo ya 10. Mtangazaji asiyeijua tofauti hii huwaambia watazamaji kwamba timu iko hatarini wakati haiko, au husahau kuwaambia inapokuwa hatarini. Katika dakika mbili za mwisho za mechi iliyosawazika, hilo ndilo jambo pekee ambalo kocha anafikiria.

Mpira wenyewe ni mdogo zaidi, mzingo wa inchi 28.5 ukilinganishwa na 29.5 wa wanaume. Wanawake walikuwa na saa ya kuhesabu sekunde 30 za kushambulia tangu enzi za AIAW, miaka mingi kabla ya wanaume kuwekewa saa yoyote mwaka 1985. Mtangazaji anayesema kwamba mchezo wa wanawake umeiga kila kitu kutoka kwa ule wa wanaume anakosea kwa ushahidi.

Ufafanuzi wa sheria ulitiwa kwenye mizani katika nusu-fainali ya Aprili 5, 2024. Connecticut walikuwa nyuma ya Iowa kwa pointi moja na walikuwa na mpira, zikisalia sekunde 3.9. Refa akapuliza faulo dhidi ya Aaliyah Edwards wa Connecticut kwa kumzuia beki wa Iowa huku akisogea. Iowa wakashinda 71-69. Watu milioni 14.2 walikuwa wakitazama, na wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia kwamba mchezaji anayesimama kumzibia njia mlinzi hana ruhusa ya kusogeza mwili kumfuata.

Katika hali kama hiyo mchambuzi ana sekunde chache za kufanya mambo matatu: kusema faulo ni ya nani, kueleza sheria yenyewe, kisha kutazama marudio ya picha na kusema kama refa alikuwa sahihi. Wengi hulikimbilia la tatu. Mabishano yaliyofuata kwa siku kadhaa yalikuwa ya watu ambao hawakukubaliana hata kuhusu sheria inasemaje, sembuse kama ilivunjwa.

Rekodi ni ya nani?

Hakuna jambo lililopima ujuzi wa watangazaji kama msimu wa 2023-24 wa Caitlin Clark. Mnamo Februari 15, 2024, akicheza dhidi ya Michigan, aliipita rekodi ya NCAA ya wanawake ya pointi 3,527 iliyokuwa ya Kelsey Plum. Alimaliza mechi hiyo na pointi 49. Kwa siku kadhaa, matangazo mengi yalimwita mfungaji bora wa wanawake wa vyuo wa wakati wote.

Hakuwa hivyo bado. Lynette Woodard alifungia Chuo Kikuu cha Kansas pointi 3,649 kati ya 1977 na 1981. Kwa kuwa alicheza chini ya AIAW, kabla ya NCAA kuwakubali wanawake, pointi zake hazikuwemo katika vitabu vya NCAA wakati huo. Clark alimpita Woodard mnamo Februari 28, na Machi 3 akampita Pete Maravich wa wanaume aliyekuwa na 3,667. Woodard mwenyewe alikuwa ukumbini siku hiyo ya Machi 3. Clark alihitimisha maisha yake ya chuo akiwa na pointi 3,951.

Bado kulikuwa na Pearl Moore, aliyefunga pointi 4,061 katika vyuo vidogo miaka ya 1970. Mtangazaji aliyejiandaa alilitaja jina lake na kueleza ngazi ya mashindano aliyocheza. Aliyesoma tu karatasi aliyopewa na ofisi ya habari alilipita.

Jambo hili si la wapenda takwimu peke yao. Woodard na Moore ni wanawake weusi waliocheza wakati kamera hazikuwepo. Hakuna filamu nyingi za kuwaonyesha vijana wa leo. Kilichobaki cha kazi yao ni tarakimu, na tarakimu hizo hufika masikioni mwa watu kupitia kinywa cha mtangazaji. Katika wiki hizo tatu za 2024, wachambuzi waliocheza au kufunza mchezo huu miaka ya nyuma ndio waliosisitiza kwamba historia haikuanza 1982. Ilikuwa kazi nzuri, tena iliyofanywa moja kwa moja hewani huku kila mtu akitaka kusherehekea.

Majina

Vyuo vya Marekani huchapisha mwongozo wa matamshi ya majina ya wachezaji, na mtangazaji wa kiwango huhudhuria mazoezi ya asubuhi siku ya mechi ili kuyasikia kutoka kwa wenyewe. Ni kazi ya dakika 10. Asiyeifanya hujulikana mara moja.

Wanavikapu wenye asili ya Afrika wameongezeka mno katika vyuo hivyo. Mashabiki wamewaona ndugu Nneka na Chiney Ogwumike wakichezea Stanford, na Ogunbowale akichezea Notre Dame. Kwa Kenya, jina lililofuatiliwa zaidi ni la Madina Okot, aliyetoka Chuo Kikuu cha Zetech kwenda Mississippi State mwaka 2024 kisha akahamia South Carolina kwa msimu wa 2025-26. Kwa familia iliyokesha ili kumwona binti yao kwa dakika chache, jina lililotamkwa sawasawa ni sehemu ya matangazo kama ilivyo picha. Chiney Ogwumike mwenyewe amekuwa mchambuzi wa ESPN, na kuwepo kwa watu kama yeye mezani kumepunguza aibu ya majina yanayomung'unywa.

Sifa kupita kiasi

Kuna dosari ya upande wa pili, na huenda ndiyo inayoudhuru mchezo zaidi sasa. Kituo kinachomiliki haki za matangazo kina sababu ya kuuuza mchezo, na baadhi ya watangazaji hugeuka kuwa wapambe. Kila pasi ni ya ajabu, kila kocha ni gwiji. Mchezaji anapotoa pasi mbovu mara nne mfululizo, mchambuzi husema ana moyo wa kujituma.

Huko ni kumnyima mchezaji heshima. Mwanamume wa umri huo huo katika chuo hicho hicho angeambiwa wazi kwamba ameshindwa kumwona mwenzake aliyekuwa peke yake. Debbie Antonelli, aliyechezea North Carolina State, na Carolyn Peck, aliyeiongoza Purdue kutwaa ubingwa wa 1999 kama kocha, ni kati ya wachambuzi ambao mafunzo yao ya kiufundi yamewapa uhuru wa kukosoa bila kudhalilisha.

Suala la upendeleo nalo limekuwa likijirudia. Rebecca Lobo alikuwa nyota wa kikosi cha Connecticut kilichoshinda mechi zote 35 na kutwaa ubingwa mwaka 1995. Connecticut ikicheza, mashabiki wa wapinzani huhesabu kila sifa anayoitoa. Malalamiko hayo hayakwepeki katika mchezo ambao vigogo wake ni wachache na wachambuzi wake walitoka kwa vigogo hao hao. Lobo hujulikana kwa kuisema timu yake ya zamani inapokosea, lakini anayetafuta upendeleo hakosi kuupata.

Kadhalika kuna kishawishi cha kumfuata nyota mmoja. Misimu ya Clark ilileta matangazo ambayo mpira ulikuwa upande mmoja wa uwanja na mazungumzo upande mwingine. Mavazi ya kocha Kim Mulkey wa LSU yalijadiliwa kwa urefu ambao suti za makocha wanaume hazijawahi kupewa.

Kutoka mwaka 2022, ESPN ilijaribu njia nyingine kwa kuwaweka Sue Bird na Diana Taurasi, wote waliochezea Connecticut, katika matangazo mbadala ya nusu-fainali na fainali kwenye chaneli yake ya pili. Wawili hao walizungumza kama marafiki walioketi sebuleni. Walicheka sana, walikosoa marefa na wachezaji bila kubembeleza, na wakati mwingine walisahau kutaja alama. Mtu asiyeujua mchezo asingefaidika, lakini anayeujua alisikia mambo ambayo meza rasmi haikuyasema.

Fedha, na meza isiyo ukumbini

Hadi 2021, mtazamaji wa raundi za mwanzo hakuwa na hakika hata ya kuona mechi nzima. ESPN ilikuwa ikionyesha mechi zote tangu 2003, lakini kitaifa ilihamisha picha kutoka mechi moja hadi nyingine. Mwaka 2021 ndio wa kwanza ambao kila mechi ilipeperushwa kikamilifu kote nchini. Ni mwaka huo huo ambapo video ya Sedona Prince wa Oregon ilianika tofauti kati ya ukumbi wa mazoezi wa wanaume na vyuma vichache walivyowekewa wanawake. NCAA ikaagiza uchunguzi, na ripoti iliyotolewa Agosti ilikadiria kwamba haki za matangazo ya vikapu vya wanawake zingefikia thamani ya kati ya dola milioni 81 na milioni 112 kwa mwaka kufikia 2025. Hata jina la March Madness, ambalo lilikuwa la wanaume pekee, liliruhusiwa kwa wanawake kuanzia 2022.

Januari 2024, NCAA ilitia saini na ESPN mkataba wa miaka minane wa dola milioni 920 unaojumuisha mashindano 40. Vikapu vya wanawake vilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 65 za kila mwaka, chini ya makadirio ya ripoti. Kuanzia mashindano ya 2025, timu za wanawake zilianza kupata mgao kwa kila mechi zinayocheza, kutoka hazina ya dola milioni 15. Fainali ya mwaka huo, ambapo Connecticut waliitandika South Carolina 82-59, ilitazamwa na watu milioni 8.5 hata bila Clark.

Fedha hizo hazijafika kila meza. Tangu janga la corona, vituo viligundua kwamba mtangazaji anaweza kufanya kazi akiwa studioni, hata nyumbani kwake, akitazama skrini. Ni nafuu, na fainali hazikuguswa. Zilizoguswa ni mechi za katikati ya msimu. Mtangazaji aliye mbali huona tu kile ambacho kamera imechagua. Hamwoni kocha akimwita mchezaji wa akiba, hamwoni majeruhi akifungwa goti nyuma ya benchi, na hawezi kwenda mazoezini asubuhi kuuliza jina linatamkwaje.

Chini ya hapo kuna mamia ya mechi za mtandaoni zinazotayarishwa na vyuo vyenyewe, mara nyingi kwa kutumia wanafunzi. Ubora wake hutofautiana kama usiku na mchana. Kuna mwanafunzi anayetaja alama visivyo tangu robo ya kwanza hadi ya nne, na kuna mwingine aliyekulia akitazama timu hiyo, ambaye anamjua kila mchezaji, shule ya upili aliyotoka na goti lililofanyiwa upasuaji, na anayetangaza mechi ya Jumatano usiku mbele ya watazamaji 300 kana kwamba ni fainali.